Mpima Mapaa wa Shela

Ukimwamkia Mwalimu njiani, hakukutazama usoni. Alitazama juu ya kichwa chako, kwenye paa lililokuwa nyuma yako, na jibu lake likaja limebeba mambo mawili kwa pamoja. "Marahaba. Bati lenu limeshika kutu upande wa baharini." Wageni walidhani ana makengeza. Sisi wa Shela, mtaa wa zamani wa Malindi, tulishamzoea. Kwake yeye lilitangulia paa, likafuata jua linalolipiga hilo paa, kisha mtu, ikiwa nafasi imebaki.

Mimi nauza vifaa vya stima na sola hapa Malindi, duka la mlango mmoja lililobanwa kati ya mshona viatu na muuza leso. Katika biashara hii nimezoea watu wa namna mbili: anayenunua na anayeuliza bei. Mwalimu hakuwa huyu wala yule. Alikuja dukani miezi na miezi kabla hajanunua hata waya, akataka paneli itolewe nje, iegemezwe kwenye ngazi, nami nichomeke mita nimsomee. Nikishamsomea, ataka nisome tena. Hapo tuliafikiana, maana mimi pia sihesabu kitu mara moja. Hata chenji anayonipa mamangu mzazi naihesabu mbele yake, kisha nikifika nje naihesabu tena.

Nilimgeuzia paneli nimwonyeshe maandishi ya nyuma, nguvu iliyoandikiwa kiwandani. Aliyasoma polepole, kama anavyosoma mwalimu barua ya mzazi anayesema mtoto alikuwa mgonjwa.

"Hiki ni cheti," akasema. "Mimi nataka kumwona mwanafunzi mwenyewe."

Yote haya yalianzia kwenye feni. Mkewe alipigwa na kiharusi, ubavu wa kushoto ukalala, akawa wa kugeuzwa. Alilala chumba cha ndani, ambacho ndicho chumba cha heshima katika nyumba zetu za zamani. Nyumba hizo zilijengwa kulikimbia jua: kuta nene, dirisha dogo, na katikati ua mdogo ulioachwa wazi juu ili mwanga na upepo vishuke. Kaskazi ikipamba moto, chumba kile bila feni ni tanuri. Na stima za hapa kila mtu anazijua. Zinaondoka bila kuaga, zikirudi zinakukuta umeshamaliza kulaani. Zikiondoka, Mwalimu alikaa ukingoni mwa kitanda na kipepeo cha ukindu, akampepea mkewe kwa mkono mpaka zirudi. Mkono mmoja ukichoka alibadilisha.

Aliniambia kwamba siku moja, katikati ya kupepea, alitazama juu kupitia uani akaona jua limejaa kwenye sakafu ya juu mpaka linamwagika ndani. Lile lile lililokuwa likimtoa mkewe jasho. Akataka lile lile limpepee. Hiyo ndiyo ilikuwa haja yake, wala sikuwahi kumjua na nyingine. Mahubiri ya mji mzima yalikuja baadaye, kama mtu aliyepata dawa ya jino lake akaanza kuchungulia vinywa vya watu.

Siku aliyonunua, nusura nifunge duka. Nimebishana bei na wauzaji wa jumla wa Mombasa na madalali wa Mtwapa, watu wasiokuwa na haya hata chembe, na hakuna aliyenitoa pumzi kama Mwalimu. Hakusema "punguza". Neno hilo hakulijua. Nilipotaja bei, alikunja mikono kifuani akaniambia, "Onyesha njia."

Yaani nimweleze hatua kwa hatua nimelipataje jibu lile. Nikaanza: bei ya Mombasa, gari, hamali, kodi ya duka, faida kidogo ya watoto. Kila hatua aliikuta na kosa. Gari lile lilileta paneli ngapi? Kwa nini hizi tatu zibebe nauli ya zote? Na hao watoto, mbona mmoja ameshaolewa? Kila kosa liligeuka punguzo, na mwisho wake aliondoka na paneli tatu, betri moja na inverta ndogo, mimi nikabaki nimeshika hela mkononi na moyo wa mtu aliyerudishwa darasa. Asubuhi yake akarudi. Amepiga hesabu upya, akaona kwenye waya alinipunja, akaniwekea tofauti juu ya kaunta bila salamu.

"Usishukuru," akasema. "Nimesahihisha tu."

Alikuwa amefundisha sayansi shule za msingi, kuanzia hapa mpaka Mambrui, hadi akastaafu. Chaki haikustaafu. Ilikaa kwenye mfuko wa kanzu, na mfuko huo ulikuwa mweupe kuliko kanzu yenyewe. Alipopita nyumba alipima kivuli cha ukuta kwa bakora, akautazama mti ulioinamia paa, akawatazama kunguru wanapenda kutua wapi, kisha akaandika tarakimu moja ukutani karibu na kizingiti. Hiyo ndiyo idadi ya paneli ambazo paa lile lingezibeba bila kuguswa na kivuli. Wengine walipata nne, wengine sita, na wengine sifuri, na sifuri iliwauma wenye nyumba kuliko unavyoweza kudhani. Mzee mmoja alimfuata mpaka msikitini kudai angalau apewe moja. Mwalimu alirudi naye, akapima upya, akamwambia kwamba likikatwa lile tawi kubwa la mkungu atampa mbili. Mkungu ulikuwa wa jirani, na huyo jirani na mzee hawasemezani. Sifuri ikabaki, na mvua ilipoifuta mzee aliiona kama msamaha.

Hoja yake ilikuwa fupi. Malindi nzima, alisema, ni bati moja lililokatwakatwa. Kuanzia Shela mpaka Barani mpaka Muyeye, jua linaamka na kutumwagia mali juu ya mapaa, na sisi tunatoka chini ya mapaa hayo hayo kwenda kununua tokeni za stima. Kila nyumba ingejitengenezea ya mchana, ikaweka ya jioni, na mwenye paa kubwa akamgawia mwenye paa dogo kwa waya, kama vile sahani za futari zinavyopita kibaraza kwa kibaraza mwezi wa Ramadhani. Alikuwa ameshachora mpaka ni nyumba gani impelekee nani. Mimi nilimuunga mkono kwa sababu nzuri kuliko zote: nauza paneli.

Aliyapeleka mawazo hayo kwenye ofisi moja mjini, akiwa amevaa koti juu ya kanzu. Alinisimulia mwenyewe, na hakucheka, kwa hiyo nilicheka mimi. Kijana aliyekuwa mezani alimsikiliza vizuri, akampa kiti, mwisho akamuuliza anawakilisha kampuni gani.

"Siwakilishi kampuni. Nawakilisha jua."

"Basi, mzee wangu, jua lituletee barua."

Alirudi mara kadhaa. Barua iliandikwa, ikapokewa, ikapigwa muhuri, na ikalala. Sidhani kama kuna mtu aliyemdhulumu pale. Waliichukua tu, wakaiweka mahali pazuri.

Usifikiri lakini kwamba alikuwa mtu wa vifaa. Alizijua hesabu za umeme zote, na alikuwa anauogopa umeme wenyewe kama chui. Kubadilisha balbu aliita fundi. Kuzima swichi alitumia ncha ya bakora. Mkewe, ambaye ulimi wake haukuguswa na kiharusi, na kabla ya hapo pia haukuwa mzembe, alikuwa akisema mbele ya wageni kwamba ameolewa na nahodha asiyejua kuogelea.

Na alikuwa na riya. Aliyesema nyumba isiwashe taa mbili ambapo moja yatosha, aliyewahi kumzimia mwanawe taa akiwa katikati ya kula, huyo huyo stima za mtaa zikipotea jioni aliwasha balbu ya kibarazani na kufungua milango yote miwili. Akakaa chini yake kama bwana harusi. Watu wakija kumwomba wachaji simu, alijifanya kushangaa: "Kwani kwenu hakuna?" Ndani, feni ikimpepea mkewe, na mkewe akipaza sauti kutoka chumbani: "Zima hiyo ya nje, Mwalimu, malaika wameshakuona."

Ile ilikuwa miaka yake mizuri. Naikumbuka kwa ajili ya feni ile, maana uliisikia kutoka barabarani. Ilikuwa na mlio, tak, tak, kila ikizunguka. Nikajitolea kuipaka mafuta bure, akakataa. Alisema mkewe akiamka akausikia mlio, anajua kila kitu ki salama.

Waliomfuata hawakuwa wengi, na kila mmoja alianguka kwa njia yake. Wa kwanza aliweka paneli mbili nzuri, na kunguru wa Malindi wakazipenda. Walidondosha juu yake mifupa na makombe ya pwani mpaka kioo kikapasuka pembeni, na chumvi ya bahari ikaingia ikamalizia. Wa pili alikuwa na nyumba lakini kiwanja si chake, jambo la kawaida huku kwetu: nyumba yako, udongo wa mwingine, na kodi ya udongo unalipa maisha. Mwenye udongo alipoona vyuma vinapanda juu akasema mtu asiyekuwa na nia ya kuhama ndiye huyo, na akamkataza. Wa tatu alitaka kuweka juu ya bati, fundi alipokanyaga bati likamwambia hapana. Hata mwanafunzi wake wa zamani kule Matsangoni, mwenye nyumba ya makuti, alichimbiwa nguzo uani na paneli zikasimama juu yake vizuri sana, zikaonekana na kila apitaye barabarani. Mmoja wa waliopita alirudi na spana.

Barani kuna mama mmoja wa Kigiriama anayechoma mahamri. Amepanga chumba kimoja katika nyumba ya vyumba vingi. Alimwona Mwalimu anaandika nyumba za jirani, akamfuata na mikono yake ya unga.

"Na miye, Mwalimu? Mbona mie hunipi nambari?"

Mwalimu akauliza paa ni la nani. La mwenye nyumba, yuko Kilifi, hapokei simu mpaka tarehe ya kodi. Ukuta je? Wa mwenye nyumba. Mwalimu akaitazama chaki mkononi. Nilikuwepo, nilikuwa nimefuata mahamri. Mwisho akampa ile chaki, akamwambia siku atakayohamia kwake aandike mwenyewe. Mama aliipokea kwa mikono miwili. Mpaka leo anaandikia bei ya mahamri.

Siku hiyo tulirudi kwa njia ya ufuoni, Mwalimu na mimi, tukapita zile nyumba kubwa za wageni. Mapaa yao yamejaa paneli ukingo kwa ukingo, zimeoshwa, hazina kunguru wala kinyesi. Madirisha yamefungwa. Wenyewe huja msimu wakaondoka. Mwalimu alimsalimu askari wa getini, mtu wa bara, akamuuliza umeme wote ule unakwenda wapi.

"Hauendi popote, mzee. Mimi nachaji simu."

Mwalimu akaendelea na njia mpaka karibu na kwake. Hapo akaniambia, bila kunitazama, "Jua lipo, tajiri. Paa ndilo lina mwenyewe." Tajiri ni mimi, aliniita hivyo tangu siku ile ya "onyesha njia".

Nilifikiri anasema habari za yule mama. Kumbe alikuwa anajisema yeye.

Inabidi nieleze desturi moja ya kwetu, kwa asiyeijua. Katika mitaa ya zamani nyumba ina chini na ina juu, na vyote viwili vinauzika. Mtu akibanwa, hauzi nyumba, anauza juu. Yaani anauza ile nafasi iliyo juu ya sakafu yake, na aliyeinunua atajenga ghorofa yake atakapojaliwa. Ukumbi unajaa watu wazima, kahawa inapita, halwa inamegwa, mashahidi wawili wanakaa, fatiha inasomwa. Hakuna anayeona aibu. Nusu ya maghorofa ya Shela yamesimama juu ya shida za watu wa chini.

Mkewe alipopata kiharusi, kabla ya sola, kabla ya chaki kutoka mfukoni, Mwalimu alimpeleka hospitali Mombasa na akauza juu kumtibu. Aliyenunua alikuwa jirani wa mtaa wa pili aliyekuwa akiendesha magari Uarabuni. Nitamwita Mwenye Juu, maana ndivyo Mwalimu mwenyewe alivyomwita, hata mbele yake. Siku ya kuuzana, Mwalimu hakukubali kupimiwa na mtu. Alipima mwenyewe, kwa kamba yake, ukuta hadi ukuta, kama inavyopimwa nyumba yoyote, akaita vipimo kwa sauti na mashahidi wakavirudia.

Ukuta hadi ukuta. Ule ua wa katikati, mdomo ule wa mwanga na upepo, ulikuwa ndani ya kuta. Hakuutoa. Hakuna mtu Shela aliyewahi kuutoa, kwa sababu hakuna aliyewahi kufikiri kwamba uwazi ni kitu. Aliuuza pamoja na sakafu. Na jua la juu yake aliliuza pamoja na ua, na hakulipima hata shubiri.

Miaka ikapita, Mwenye Juu hajajenga. Mwalimu alipotaka kuweka paneli alimpigia simu kumwomba ruhusa, na yule akamjibu vizuri, weka tu Mwalimu, hapo bado ni hewa. Mwalimu akaweka. Akahubiri mji mzima akiwa amesimama juu ya sakafu isiyokuwa yake, na nadhani alikuwa amejisahaulisha. Au hakujisahaulisha. Nimelifikiri hili mara mbili na kila mara napata jibu jingine.

Mwenye Juu alirudi mwaka juzi, amenenepa, ana adabu kuliko alivyoondoka. Alianza kwa kumletea Mwalimu tende na shuka la kitanda cha mgonjwa. Akampa muda wa kutosha wa kuondoa vitu vyake. Mwalimu akaitisha kikao, wazee wawili wa msikiti na mimi kama mtu ninayejua vyombo, pale pale ukumbini ambapo fatiha ilisomwa. Kutoka chumba cha ndani tulikuwa tunasikia feni, tak, tak.

Mwalimu aliomba mambo mawili. Kwanza, ua usifunikwe. Mwenye Juu akasema, kwa upole kabisa, kwamba fundi ameshachora vyumba vitatu na cha katikati kinaangukia hapo. Wazee wakauliza mkataba ulisemaje. Ukuta hadi ukuta, akajibu Mwalimu mwenyewe, kabla mwenzake hajafungua mdomo. Nilitamani ningemfunika kinywa. Kubishana bei ni kazi yangu, na jambo la kwanza la kazi hiyo ni kutomsaidia mwenzako.

La pili, aliomba ghorofa ikisha apandishe paneli zake tatu juu ya sakafu mpya, pembeni, mahali padogo, na ateremshe waya mmoja. Waya wa feni tu.

"Juu nimenunua mimi, Mwalimu," akasema Mwenye Juu. "Na juu ya juu nayo ni juu. Hapo nitaweka matangi na sola zangu. Wewe si ndiye uliyetufundisha?"

Alikuwa anasema kweli. Alikuwa amekuja dukani kwangu juma hilo hilo na idadi ya paneli kichwani, na nilipomuuliza nani aliyempimia, akanambia ameiona imeandikwa ukutani kwa chaki. Kati ya nyumba zote alizoziandika Mwalimu, hiyo ndiyo moja iliyokuja kutimia kama ilivyoandikwa, na ilikuwa yake.

Mmoja wa wazee akauliza basi kama Mwenye Juu mwenyewe angeteremsha huo waya mmoja kutoka kwenye sola zake. Feni si kitu. Mwenye Juu akafikiri. Akasema vyumba vitakodishwa wageni, kuna wakala, kuna makubaliano, wageni wanatumia majokofu na viyoyozi, hawezi kuahidi kitu cha watu. Lakini inshallah. Aliitamka kwa hisani, mkono kifuani. Kila aliyekaa pale alijua kwamba neno lile likitamkwa hivyo kikao kimekwisha. Tukanywa kahawa. Mwalimu alimshukuru kwa shuka.

Nilijaribu kumtafutia njia nyingine. Paneli zielekezwe ukutani? Ukuta unatazama ukuta. Tuombe paa la jirani? Jirani wa kulia kauza juu, wa kushoto ana sifuri. Betri peke yake ichajiwe na stima? Hilo liliwezekana, lakini ile betri ilikuwa imezeeka, na mpya hakuwa na uwezo nayo, na mimi sikuweza kushuka mpaka pale alipofikia. Nilishuka sana. Watoto wangu walitoka kwenye hesabu, hamali akatoka, faida ikatoka, na bado.

Mara ya mwisho nilipoingia nyumba ile ilikuwa baada ya kaskazi kuanza. Alikuwa amenitumia salamu nikachukue paneli, alitaka kuziuza. Nilikwenda na hamali na mkokoteni wake. Ghorofa ilikuwa imekwisha, imepakwa rangi ya maziwa, na sola mpya zinang'aa huko juu, zinaonekana kutoka njia kuu. Stima za mtaa zilikuwa zimepotea tangu alfajiri, lakini huko juu kiyoyozi kilikuwa kinanguruma na maji yake yanadondoka kibarazani, mahali palepale alipokuwa akikaa chini ya balbu.

Nilipiga hodi, nikasikia karibu, nikaingia nikagonga goti kwenye kitu. Nje ilikuwa saa nne ya asubuhi, jua la kupasua kichwa. Ndani huoni mkono wako. Pale palipokuwa na ua pana zege juu, na chini yake hewa imesimama. Paneli tatu zilikuwa zimeegemezwa ukutani, zimefutwa vumbi, zimepangwa kwa ukubwa ingawa zote ni sawa.

Mwalimu alikuwa chumba cha ndani, ukingoni mwa kitanda, na kipepeo mkononi. Hakuinuka. Nikamwamkia. "Marahaba," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alinitazama usoni.

Nikamuuliza hali ya mama. Mama mwenyewe hakujibu, alikuwa amelala au amefumba macho tu. Nikamuuliza habari za wanawe, akasema wazima. Kipepeo hakikusimama. Nikaona nianze kazi, labda kazi itamrudisha. Nikataja bei. Niliitaja mbaya makusudi, bei ya matusi, bei ambayo ningemtajia mwizi. Nikasubiri.

"Sawa," akasema.

Nikamwambia kwamba hajasikia vizuri. Nikaitaja tena.

"Nimesikia, tajiri. Sawa. Chukua."

"Hutaki nikuonyeshe njia?"

Alibadilisha mkono, wa kulia umechoka, akachukua kipepeo kwa wa kushoto. Basi nikapanda mwenyewe. Nikasema gari sikulipia, nauli naitoa, nikapandisha. Yeye akapepea. Nikasema paneli za chapa hii siku hizi haziletwi, nikapandisha. Nilibishana peke yangu gizani mpaka nikafika bei ambayo mimi mwenyewe, nikiwa muuzaji, nisingethubutu kuitaja, nikaziweka pesa juu ya kiti, nikazihesabu, nikazihesabu tena kwa sauti ili azisikie. Hakugeuza kichwa.

Wakati hamali anatoa paneli ya mwisho, mkewe akafumbua macho.

"Mwalimu," akasema, "magharibi wameshaadhini?"

"Bado, mke wangu," akamjibu. "Lala. Nitakwambia."

Nikatoka. Jua lilinipiga usoni hata nikashika ukuta. Karibu na kizingiti nambari yake ya chaki ilikuwa bado iko. Fundi wa rangi alikuwa ameizunguka kwa uangalifu, sijui kwa heshima au kwa uvivu. Hamali alizilaza paneli juu ya mkokoteni, vioo vikitazama juu, tukashika njia ya sokoni. Nilimwambia azifunike, akasema hana turubai.

Dukani, kabla ya kuziingiza ndani, nilichomeka mita kwenye ile ya kwanza, kwa mazoea tu. Ilikuwa inatoa sawasawa na siku nilipomuuzia. Nikapima ya pili, nikapima ya tatu. Zote nzima. Nikasimama pale mlangoni, nikazipima tena.